Kabla Dawa Haijashika: Hatari ya Kuambukiza VVU Mwanzoni mwa Matibabu na Jinsi Inavyokadiriwa

Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, akimeza dawa zake kila siku hadi virusi vikapungua kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Wataalamu hawalibishanii tena jambo hili, na Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya kisera ya mwaka 2023, lilikwenda mbele zaidi likasema kwamba hata pale virusi vinapoonekana, ikiwa havizidi nakala 1,000 katika mililita moja ya damu, hatari ya kumwambukiza mwenza ni ndogo mno, karibu na sifuri. Habari hiyo imeenezwa sana na ni haki ienezwe zaidi, lakini nyuma yake kuna swali lisilozungumzwa vya kutosha, nalo linamhusu mtu aliyekwisha kupokea majibu yake, ambaye yu karibu kuanza dawa au ndiyo kwanza ameanza, na ambaye damu yake bado ina virusi tele.

Kipindi hicho huweza kuwa cha wiki chache au cha miezi kadhaa, na ndani yake mambo mawili hukutana: virusi viko juu, na mhusika, pengine na mwenza wake pia, hana hakika ni kitu gani kinaruhusiwa na kitu gani hakiruhusiwi. Muuguzi wa kliniki ya huduma na matunzo anayeulizwa na wenza wawili, mmoja ana VVU na mwingine hana, ni lini watakuwa salama, hawezi kuwajibu kwa kubahatisha. Anahitaji makadirio, na makadirio hayo yapo. Yalipatikana kwa sehemu kubwa katika vijiji na miji ya Afrika Mashariki, kutoka kwa watu walioishi na hatari hiyo wenyewe, na kwa sababu hiyo wasomaji wa ukanda huu wana haki ya kuyafahamu kwa undani kuliko watu wengine wote.

Rakai na kipimo kilichotangulia vingine

Hatari ya kuambukiza ni uwezekano unaopimwa kwa namba, na namba hiyo hutegemea kwanza wingi wa virusi, yaani idadi ya nakala za VVU zilizomo katika kila mililita ya damu. Leo jambo hili linaonekana dhahiri, lakini hadi miaka ya mwisho ya 1990 hapakuwa na utafiti mkubwa uliokuwa umelipima kati ya wenza wa kawaida. Ushahidi ulitoka wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, eneo linalopakana na mkoa wa Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Kati ya mwaka 1994 na 1998 watafiti wa Uganda na Marekani waliendesha huko jaribio la kuzuia VVU kwa kutibu magonjwa ya zinaa, na katika kumbukumbu za jaribio hilo walikuta jozi 415 za wenza ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hakuwa navyo. Hadi ufuatiliaji ulipokwisha, watu 90 kati ya wale 415 ambao hawakuwa na virusi walikuwa wameambukizwa, sawa na takriban watu 12 kwa kila 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba kila wingi wa virusi ulipoongezeka mara kumi, kasi ya maambukizi ilipanda kwa takriban mara mbili na nusu. Kwamba mwanamume na mwanamke waliambukizana kwa kasi karibu sawa. Na kwamba miongoni mwa wenza ambao mwenye VVU alikuwa na nakala pungufu ya 1,500, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Jambo la mwisho ndilo lililobadilisha mawazo ya watu. Ikiwa watu ambao miili yao wenyewe ilikuwa imevibana virusi hawakuambukiza, basi dawa yenye uwezo wa kuvibana zaidi ingeweza kuwa kinga kwa mtu wa pili na si tiba kwa mtu wa kwanza peke yake.

Namba hizo zina historia isiyostahili kufichwa. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya VVU hazikuwafikia wanavijiji wa Uganda, na sera ya nchi haikumruhusu mtafiti kumweleza mtu majibu ya mwenza wake. Alichoweza kufanya ni kumpa kila mtu majibu yake akiyataka, kumpa ushauri nasaha na kondomu bila malipo, na kumhimiza aliyeambukizwa amweleze mwenzake. Kwa hiyo walikuwepo watu waliofuatiliwa kwa miezi mingi wakilala na wenza wenye VVU bila kulijua jambo hilo. Marcia Angell, aliyekuwa mhariri wa jarida la New England Journal of Medicine lililochapisha matokeo hayo, aliandika katika toleo lilelile kwamba utafiti wa namna hiyo usingekubaliwa katika nchi tajiri, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Kila kliniki inayotumia leo kanuni ya wingi wa virusi inatumia elimu iliyolipiwa na wanavijiji hao, na sehemu ya malipo yenyewe ilikuwa maambukizi ambayo kwa kanuni za leo yangezuiwa.

Kutokana na kundi hilohilo, jozi 174 za wenza waliosema kwamba hawana uhusiano nje ya ndoa waliulizwa pia idadi ya mara wanazokutana kimwili, na mwaka 2001 ikawezekana kukadiria hatari ya tendo moja la kujamiiana. Kwa wastani ilikuwa takriban maambukizi 11 katika matendo 10,000. Wastani huo, hata hivyo, ulificha tofauti kubwa: pale virusi vilipokuwa chini ya nakala 1,700 hatari ilikuwa moja katika matendo 10,000, na vilipofikia nakala 38,500 au zaidi ilikuwa 23.

Namba ndogo kama hizi huwadanganya watu, kwa sababu mtu akisikia moja katika elfu hudhani kwamba hana la kuogopa. Wenza hawakutani mara moja. Ikichukuliwa hatari ya wastani ya Rakai na kukadiriwa kwa wenza wanaokutana mara 100 kwa mwaka bila kondomu, uwezekano wa mmoja kumwambukiza mwingine ndani ya mwaka huo unakuwa takriban asilimia 10. Ikichukuliwa ile ya watu wenye virusi vingi, unakuwa karibu asilimia 21, yaani takriban mmoja kati ya watano. Na kosa la kinyume chake nalo hutokea: mtu ambaye mwenza wake amepimwa na kukutwa hana VVU baada ya miaka ya kuishi pamoja hudhani kwamba huyo ana kinga ya kudumu, au kwamba kipimo kilikosea, ilhali ukweli ni kwamba hatari iliyosambaa katika mamia ya matendo bado haijamwangukia.

Hatari inayobadilika ndani ya mtu mmoja

Makadirio ya wastani hayatoshi kwa mtu aliye karibu kuanza matibabu, kwa kuwa hatari yake hutegemea sana ni lini aliambukizwa. Mara tu baada ya VVU kuingia mwilini, kabla kinga haijajikusanya, virusi huzaliana kwa kasi kubwa. Utafiti uliofuatilia watu walio katika hatari ya kuambukizwa nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Thailand, na kuwapima damu mara mbili kwa wiki, ulionyesha mwaka 2016 kwamba virusi hufika kileleni takriban siku ya 13 tangu vionekane kwa mara ya kwanza, na kileleni hapo huwa kwa kawaida karibu nakala milioni 5, kisha hushuka na kutulia baada ya kama mwezi mmoja. Katika wiki hizo za mwanzo huenda kipimo cha kawaida, ambacho hutafuta askari wa mwili dhidi ya virusi badala ya virusi vyenyewe, kikaonyesha kwamba mtu hana maambukizi. Uchambuzi mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria hatari ya tendo moja katika miezi michache ya mwanzo kuwa 82 katika matendo 10,000, ikishuka hadi 7 katika miaka mirefu ya katikati, kisha ikapanda hadi 28 katika kipindi cha mwisho kabla ya kifo, pale kinga inapokuwa imebomoka.

Kwa hiyo watu watatu wanaoketi kwenye benchi moja siku ya kuandikishwa kliniki wanaweza kuwa na hatari zisizofanana hata kidogo. Mmoja aliambukizwa mwezi uliopita, mwingine ameishi na VVU kwa miaka minane bila kujua na sasa ameletwa na kifua kikuu. Wa tatu, aliye katikati yao, ana virusi vichache na afya njema. Na uwiano wa watu wa aina hizi umebadilika kadiri miongozo ya matibabu ilivyobadilika. Huduma za dawa zilipoanza kusambazwa kwa wingi Afrika Mashariki, karibu mwaka 2004, dawa zilitolewa kwa mtu ambaye seli zake za CD4, yaani chembe nyeupe za damu ambazo VVU huzishambulia, zilikuwa zimeshuka chini ya 200 au ambaye alikuwa mgonjwa wazi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likapandisha kizingiti hicho hadi 350 mwaka 2010, hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likakiondoa kabisa kwa kupendekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4 zake, pendekezo ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zilianza kulitekeleza mwaka 2016. Mtu wa zamani aliyekuwa karibu kuanza dawa alikuwa kwa kawaida mtu wa virusi vingi, lakini pia mara nyingi alikuwa dhaifu kiasi cha kutokuwa na hamu wala nguvu za kukutana na mwenza. Mtu wa leo huenda ana virusi vichache zaidi, ila ni mzima, ana nguvu, pengine ana ndoa changa na nia ya kupata mtoto. Anayechukua takwimu za zamani na kuzitumia kwa watu wa leo bila kurekebisha atakosea, na si rahisi kujua kama kosa lake litakuwa la kuzidisha au la kupunguza.

Wingi wa virusi haufanyi kazi peke yake. Kondomu, kwa makadirio ya wenza waliofuatiliwa katika nchi saba za Afrika, hupunguza hatari ya tendo moja kwa karibu asilimia 78, kiasi ambacho hakifiki asilimia mia kwa sababu matumizi yaliyoelezwa na watu si kila mara matumizi yaliyofanyika. Tohara ya mwanamume asiye na VVU humkinga kwa kiasi kikubwa, jambo lililoonekana Rakai, ambako kati ya wanaume 50 waliotahiriwa hakuna aliyeambukizwa na mke wake huku 40 kati ya 137 wasiotahiriwa wakiambukizwa, na likathibitishwa kwa majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yenyewe. Vidonda vya magonjwa ya zinaa hufungua njia. Ujauzito pia huongeza hatari kwa mwanamke asiye na VVU ambaye mume wake anavyo: takwimu za wenza wa Afrika zilizochapishwa mwaka 2018 zilikadiria kwamba hatari ya kila tendo huwa karibu mara tatu katika miezi ya mwisho ya ujauzito na karibu mara nne katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, ikilinganishwa na mwanamke asiye mjamzito. Aina ya tendo nayo ina uzito mkubwa, kwani kwa makadirio yanayotumiwa sana, mtu anayepokea tendo la kujamiiana kwa njia ya haja kubwa anakabiliwa na hatari ya maambukizi 138 katika matendo 10,000, wakati mwanamke katika tendo la kawaida anakabiliwa na 8. Mshauri anayeona haya kuuliza swali hili huishia na makadirio yasiyo na thamani.

Hapa pana tatizo ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Kipimo chenye uzito kuliko vyote katika hesabu hii, yaani wingi wa virusi, kwa kawaida hakifanywi siku ya kuanza dawa katika kliniki nyingi za Afrika. Hufanywa miezi michache baadaye, kwa kawaida mwezi wa sita kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa, ili kuangalia kama dawa zinafanya kazi. Sababu zake zinaeleweka: kila mtu ataanza dawa hata hivyo, mashine na vitendanishi ni ghali, na fedha iliyopo hutumika vizuri zaidi kumgundua ambaye dawa zimemshinda. Lakini matokeo yake ni kwamba katika kipindi chenye hatari kubwa kuliko vyote mhudumu anafanya kazi gizani, na hana budi kukisia kutokana na dalili, CD4, historia ya vipimo vya nyuma na majibu ya mgonjwa kuhusu maisha yake ya ndani.

Miezi sita ya kwanza

Swali la kama dawa zingeweza kuzuia maambukizi lilijibiwa kwa hatua. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jozi 3,381 za wenza wa nchi saba, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kati ya maambukizi 103 ambayo uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulithibitisha kwamba yalitoka kwa mwenza, ni moja tu lililotokea baada ya mwenza huyo kuanza dawa. Mwaka uliofuata jaribio lililojulikana kama HPTN 052, lililoshirikisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo vyake, likaonyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96, na hesabu ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2016, ikawa asilimia 93.

Asilimia zile saba zilizobaki ndizo zinazohusu makala haya. Watafiti walipoyachunguza maambukizi manane yaliyogunduliwa baada ya mwenye VVU kuanza dawa, walikuta kwamba manne yalitokea karibu na siku za kuanza, kabla virusi havijabanwa, na manne mengine yalitokea pale dawa ziliposhindwa. Hakukuwa na hata moja kutoka kwa mtu ambaye virusi vyake vilikuwa vimebanwa kwa uthabiti. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa kinga kamili kuanzia pale ilipokuwa imefanya kazi yake, ila si kuanzia siku ya kidonge cha kwanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Kenya na Uganda, katika utafiti wa wenza ambao ulikusudiwa kwanza kupima PrEP, yaani dawa za VVU anazomeza mtu asiye na maambukizi ili asiambukizwe. Uchambuzi wake wa mwaka 2016 uligawa muda katika vipindi vitatu. Kabla ya mwenye VVU kuanza dawa, kasi ya maambukizi yaliyotoka kwake ilikuwa 2.08 kwa kila watu 100 kwa mwaka; katika miezi sita ya kwanza ya dawa ilikuwa 1.79, yaani karibu ileile. Baada ya miezi sita ilikuwa sifuri. Ni kweli kwamba kasi ile ya katikati ilikokotolewa kutokana na maambukizi matatu tu, na namba iliyojengwa juu ya matukio matatu haina uimara wa namba iliyojengwa juu ya 55, ambayo ndiyo idadi ya kipindi cha kwanza. Hata hivyo inakubaliana na kile kinachojulikana kuhusu mwili: dawa zikianza kazi, virusi vilivyo huru katika damu huondolewa ndani ya saa chache na seli zinazovizalisha hufa ndani ya siku moja au mbili, hivyo kwamba wiki mbili hutosha kupunguza wingi wa virusi kwa takriban mara mia, lakini mtu aliyeanza na nakala 500,000 bado atakuwa na 5,000, na hapo mteremko hupungua kasi kwa sababu zipo seli nyingine zinazokufa polepole.

Aina ya dawa imebadilisha muda huu kuliko jambo jingine lolote. Katika jaribio lililolinganisha dolutegravir na efavirenz, dawa iliyokuwa msingi wa matibabu kwa miaka mingi, nusu ya waliotumia dolutegravir walifika chini ya nakala 50 ndani ya siku 28, wakati wenzao wa efavirenz walihitaji siku 84. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza dolutegravir, mwaka 2018 na 2019, kidonge kimoja chenye dawa hiyo pamoja na tenofovir na lamivudine kimekuwa matibabu ya kawaida ya watu wazima Afrika Mashariki. Utaratibu wa kuanza dawa siku ileile ya majibu, uliopendekezwa mwaka 2017 kwa kila aliye tayari, nao umefupisha kipindi cha hatari kutoka upande wa pili. Hivyo makadirio ya miezi sita, ambayo yalipatikana enzi za dawa za zamani, leo yanaweza kuwa marefu kuliko hali halisi kwa mtu anayemeza dawa bila kukosa. Bado ni busara kuyashikilia hadi kipimo kithibitishe, kwa sababu mtu anayekosa dozi hajulikani kwa kutazamwa.

Njia ya kuyafanya makadirio yawe msaada ilionyeshwa pia na wenza wa Kenya na Uganda. Watafiti walitengeneza kipimo cha alama kinachotumia mambo machache yanayoweza kuulizwa kliniki: umri wa mwenza asiye na VVU, idadi ya watoto waliozaa pamoja, kama wameoana na wanaishi pamoja, kama mwanamume asiye na VVU ametahiriwa, kama walikutana bila kondomu mwezi uliopita, na wingi wa virusi pale unapojulikana. Alama hizo zilipojaribiwa, wenza waliopata alama 6 au zaidi kati ya 12 walikuwa asilimia 28 tu ya wote, lakini walibeba asilimia 67 ya maambukizi. Wenza vijana wasio na watoto wengi ndio walioonekana kuwa katika hatari kubwa kuliko wale wenye umri mkubwa na watoto wengi, jambo linalopingana na dhana ya watu wengi kwamba hatari ni ya waliozoea uhusiano wa ovyo.

Kipimo hicho kilitumika kuchagua jozi 1,013 za wenza huko Kisumu, Thika, Kampala na Kabwohe, ambao walipewa kinga ya pande mbili: mwenye VVU alihimizwa aanze matibabu, na asiye navyo alipewa PrEP hadi mwenzake atimize miezi sita ya dawa. PrEP ilikuwa daraja la kuvukia kipindi kile tu, si dawa ya maisha. Kwa makadirio, bila mpango huo wangeambukizwa karibu watu 40. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, walioambukizwa walikuwa wawili. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa thamani ya kukadiria hatari, maana hapa namba haikutumika kumhukumu mtu bali kuamua ni nani apewe kidonge, lini, na kwa muda gani.

Makadirio haya yote yana udhaifu wa aina moja, kwamba yanategemea kile ambacho watu wako tayari kukisema. Wenza waliojiunga na tafiti walipewa ushauri mara kwa mara, wakatumia kondomu zaidi kuliko walivyokuwa wakifanya awali, na hivyo hatari iliyopimwa kwao ni ndogo kuliko ya wenza wasiofuatiliwa na mtu. Pia si kila aliyeambukizwa aliambukizwa na mwenza wake: vinasaba vya virusi vilipolinganishwa katika utafiti wa nchi saba, takriban robo ya maambukizi yalikuwa yametoka nje ya uhusiano. Mshauri anayelijua hilo hatamwambia mume au mke, kwa uhakika asio nao, kwamba ni mwenzake aliyemletea virusi.

Hilo lina uzito hata mahakamani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI inamtia hatiani anayemwambukiza mwingine kwa makusudi, na nchini Kenya kifungu kilichomwadhibu mtu kwa kumweka mwingine katika hatari kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2015 kwa kuwa hakikueleza wazi ni tendo gani linalokatazwa. Anayeogopa kwamba majibu yake ya kliniki yatageuzwa ushahidi dhidi yake atamficha muuguzi mambo yaleyale ambayo bila hayo hakuna makadirio.

Kwa upande wa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wenye VVU, karibu asilimia 83 walijua hali zao, karibu asilimia 98 ya hao walikuwa kwenye dawa, na asilimia 94 ya waliokuwa kwenye dawa walikuwa wamebana virusi, huku maambukizi mapya yakikadiriwa kuwa 60,000 kwa mwaka miongoni mwa watu wazima. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya hatari iliyobaki imo kwa wasiojua, ambao kliniki haiwezi kuwakadiria kwa kuwa haijawaona, na kwa kundi jingine ambalo hesabu nyingi hulisahau: wanaoanza upya.

Mtu aliyeacha dawa kwa sababu ya safari, njaa, unyanyapaa, ugomvi wa nyumbani au kliniki kufungwa, virusi vyake hurudi kwa kawaida ndani ya wiki chache tu, na arudipo kliniki huandikwa kama mteja wa zamani, hupewa dawa na kuelekezwa aendelee kama kawaida. Kwa mujibu wa kila kitu kilichoelezwa hapo juu, yeye ni mtu aliye karibu kuanza matibabu. Mwenza wake, ambaye huenda aliacha kondomu na PrEP miaka mingi iliyopita kwa haki kabisa, kwa sababu virusi vilikuwa vimebanwa, hajui kwamba hesabu imerudi mwanzo. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada iliyolipia sehemu kubwa ya huduma za VVU barani Afrika, wahudumu wengi wa jamii waliokuwa wakiwafuata waliopotea waliachishwa kazi, na kundi hili likapoteza watu waliokuwa wakilitafuta. Kliniki inayompokea aliyerudi ina nafasi ya kumuuliza maswali matatu yasiyo ya lawama, yaani amekaa muda gani bila dawa, amekuwa na nani katika muda huo, na kama mwenza huyo amepimwa, kisha kumpa mwenza huyo kinga ileile ya daraja wanayopewa wenza wa mtu aliyegunduliwa leo, hadi kipimo kionyeshe kwamba virusi vimebanwa tena.